Gari Likisimama Ni Nyumba

Uvumilivu wangu uliisha pale mama yangu aliponigusa bega na kuniambia, kwa ile sauti yake ya upole ya kanisani, "Mwambie baba ya mtoto asogee mbali kidogo. Namwona kupitia kioo cha dirisha."

Baba ya mtoto ni mume wangu. Alikuwa amesimama nje, theluji imemfika magotini, baridi ya digrii thelathini chini ya sifuri, na upepo unampiga kama una kesi naye. Gari letu lilikuwa limeingia mtaroni. Ndani tulikuwa mimi, mama na binti yangu Hawi, tumejifunika blanketi, hita inapuliza. Nafasi ilikuwepo. Watu wengine wanne wangeingia na mizigo yao. Lakini mama yangu ni mama mkwe wake, na mkwe wa Kijaluo hafungiwi chumba kimoja na mama mkwe wake, na mama alikuwa ameshaamua kwamba lile gari sasa ni chumba. Mume wangu naye akakubali, kwa adabu. Na sasa, hata huko nje alikofukuzwa, ati anaonekana sana.

Nilifungua mlango. Kelele niliyopiga sikuipiga hata siku ya kumzaa Hawi. Yote niliyosema sitayaandika, maana wengine mnasoma na watoto begani. Ila hili nitaliandika: nilimwambia mama, "Huyu mtu akifa hapa nitawazika kaburi moja, wewe na yeye, tuone huko mtatundika pazia wapi!"

Mama akajifunika uso kwa leso. Mume wangu akageuka kutazama miti. Nikamkamata kola ya koti, nikaanza kumvuta kuelekea mlangoni, yeye anavuta kurudi. Hapo ndipo gari lingine liliposimama nyuma yetu, na mambo yakaharibika zaidi.

Lakini ngojeni. Nyinyi wa kikundi mmeniuliza tangu nirudi Migori, "ilikuwaje, ilikuwaje," na kila mmoja nimempa kipande. Leo nawapa yote mara moja. Mambo ya viza msiniulize, hayo kila mtu abebe msalaba wake. Naandika Kiswahili kwa sababu ya wenzetu Wakuria wa Kegonga, wasije wakasema tena kwamba sisi Wajaluo tukitaka kuficha aibu tunaingia kwenye Dholuo.

Kisegi mpaka Migori: walimu wa baridi

Mnajua mume wangu alitangulia Kanada, kwenye kiwanda cha nyama, kazi ya kusimama kutwa nzima na kisu mkononi. Mpango ulikuwa mimi na Hawi tumfuate, na mama atusindikize akae miezi michache, amshike mtoto nikitafuta kazi. Nikaenda Kisegi, kijijini kwa mama, kumchukua.

Loo, Kisegi! Sikujua kijiji cha wavuvi kina maprofesa wa baridi wengi namna hiyo. Jirani yetu mmoja, ambaye baridi yake yote aliipata Kericho kwenye harusi ya binamu, alinikalisha chini akanifundisha. "Ukiona theluji usiikanyage kwa kisigino. Kisigino ndicho mlango wa baridi." Nikamuuliza nitembee vipi, kwa vidole kama kuku? Akasema nina mdomo.

Migori sokoni nako, yule kijana wa mitumba alinitolea koti kubwa jekundu. "Madam, hili koti la Urusi. Ukivaa hili hapa Migori unakufa kwa joto."

"Sasa siendi kulivaa hapa Migori."

"Ndiyo nakwambia, huko utanishukuru."

Zipu ilikatika kabla hatujafika Nairobi. Kijana, kama unasoma hii, najua kibanda chako.

Mwalimu wa kweli alikuwa mume wangu, kwenye simu. Huko wageni wanaitwa darasani wafundishwe gari na baridi, na yeye alikuwa amehudhuria, akakariri, akawa ananihubiria kila akipiga simu. Matairi ya kiangazi yatolewe, yafungwe ya baridi. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Nyuma ya gari weka beleshi, blanketi, mshumaa na chakula kikavu. Kwenye barafu usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta polepole gari lijipunguze lenyewe. Na kubwa kuliko zote, gari likikwama usitoke. Kaeni ndani, kaeni pamoja, mpashane joto. Mtu atoke dakika moja tu kuondoa theluji kwenye bomba la moshi, kisha arudi haraka.

"Baba Hawi," nikamwambia, "mimi nimeendesha pikapu ya omena kutoka Kisegi mpaka Migori, mvua na matope ya Magunga nayajua. Ni mimi unanifundisha gari?"

"Matope yanakuonya, Mama Hawi. Barafu haikuonyi."

Hayo maneno aliyasema yeye, kwa kinywa chake. Yashikeni.

Mama swali lake lilikuwa moja tu. "Huko nitalala wapi?"

"Nyumbani kwetu, mama. Kuna vyumba viwili."

"Na yeye atalala wapi?"

"Mama, ni kwake."

"Ndiyo maana nauliza."

Kwa wale wasiojua: kwetu mama mkwe na mkwe wana umbali wao. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Anayevunja inasemwa atapata chira, ugonjwa wa kukonda usio na dawa, na mara nyingi hauanzi na mkosaji, unaanza na mtoto. Mama ni Msabato, ameshika kanisa tangu nikiwa tumboni. Nikamuuliza, mama, kwani unaamini chira? Akaniambia, "Siamini. Lakini chira haijawahi kumuuliza mtu kama anaamini."

Kwa hiyo mume wangu akampangia chumba kwa jirani yake, Mkuria wa Kegonga aitwaye Mwita, aliyeko huko na mke wake. Mwita pia angekuja uwanja wa ndege na gari lake ambebe mama, sisi tufuate nyuma. Kila kitu kimepangwa, kila mtu na umbali wake.

Angani, na mbwa wa forodha

Kwenye ndege mama aliuliza kila sahani kama ina nguruwe. Mhudumu akiapa haina, mama anamtazama machoni, kisha anaisukuma kwangu. Alikula ndizi na mikate yake yote. Hawi alimtapikia mzee mmoja wa Kihindi, na yule mzee akatucheka tu, akasema ana wajukuu tisa. Mungu ambariki.

Tulipofika Kanada kwenye forodha, mbwa alikuja akaketi mbele ya begi la mama, akakataa kuondoka. Askari akafungua. Omena, dagaa wetu wa ziwani, mfuko mzima, wamekauka vizuri.

"Hawa ni wa nini? Chambo cha kuvulia?"

Nikamwambia ni chakula. Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akawaita wengine wawili. Mama akaniuliza kwa Dholuo hawa watoto wanashangaa nini, kwani kwao hakuna ziwa. Tukakaa hapo mpaka Hawi akalala sakafuni. Mwisho wakaturuhusu, na yule askari wa kwanza akaomba aonje mmoja. Alionja. Sura aliyofanya mama bado anaiigiza kanisani.

Uwanja wa ndege mpaka kituo cha petroli

Mume wangu nilikuwa sijamwona miaka miwili. Nilifikiri atanikimbilia. Nilimkuta amesimama nyuma ya nguzo. Kweli, nguzo! Akamsalimu mama kutoka huko, macho sakafuni, kama mtoto aliyevunja sufuria. Mama naye akamjibu huku anaangalia matangazo ukutani. Mimi nikapewa mkono. Mkono! Hawi akamwona, akalia, hakumjua.

"Mwita yuko wapi?" nikauliza.

Akanipa simu. Mwita alikuwa anacheka upande wa pili. "Shemeji, bosi amenizuia kazini. Nyinyi Wajaluo mbebane tu, safari ni nusu siku. Hakuna aliyekufa kwa kumwona mama mkwe."

Bwana Mwita, mdomo wako.

Mume wangu alikuwa amejiandaa hata kwa hilo. Alikuwa ameazima gari la safu tatu za viti, na kati ya safu ya mbele na ya kati alikuwa ametundika shuka la kitanda lenye maua, limefungwa kwa kamba huku na huku. Mama na Hawi nyuma ya pazia, sisi mbele. Na kile kioo cha ndani cha dereva alikuwa amekigeuza kinaangalia dari.

"Utaonaje nyuma?"

"Kuna vioo vya pembeni."

"Vina barafu."

"Nitavipangusa."

Wapendwa, hapa ndipo ningepiga kelele, si kule mtaroni. Lakini nilikuwa nimechoka, na mume wangu alikuwa amependeza, na nilikuwa nataka sana kufika.

Kabla ya jiji kuisha niliona jambo la kuchekesha: kwenye maegesho kila gari limefungwa waya puani kama ng'ombe wa kuuzwa. Nikafikiri labda wanazuia wezi. Kumbe injini inapashwa moto kwa umeme, usiku kucha. Ukisahau, asubuhi oili imekuwa ugali na gari halitoi hata kikohozi. Nyinyi mnaotaka kwenda, lishikeni hilo. Na asubuhi usimwage maji ya moto kwenye kioo cha mbele, kitapasuka mbele ya macho yako. Mke wa Mwita alifanya hivyo. Mwita hapendi lisemwe, lakini kwa kuwa amenicheka nalisema.

Tukasimama kwenye kituo cha petroli. Mama alikuwa na haja ndogo tangu jijini, ila hangeweza kusema mkwe akisikia. Alikuwa ananibonyeza mgongo kupitia pazia. Mume wangu alielewa, maana aliongeza sauti ya redio, akaingia kituoni bila kuuliza. Halafu yeye asiingie dukani mama akiwa dukani. Mama akitoka, yeye aingie. Mama akirudi kuchukua glavu, yeye atoke. Msichana wa dukani alikuwa anawatazama kama mpira wa meza.

Chakula mume wangu alikilia nje, viazi vya kukaanga, amejibanza kando ya friji kubwa lililoandikwa kwamba linauza barafu. Naapa. Barafu imejaa mpaka upeo wa macho, na kuna mtu ameiweka ndani ya mfuko, anaiuza. Nikatoka nikamkuta viazi vimeganda mkononi.

"Rudi ule ndani ya gari."

"Mama anakula."

"Kuna pazia!"

"Pazia halizuii sauti ya kutafuna," akasema. Hakuwa anatania.

Kituo cha petroli mpaka mtaroni

Barabara ya huko imenyooka kama rula, na huku na huku ni weupe mtupu. Theluji inatambaa juu ya lami kama moshi. Jua linaanza kulala alasiri, wakati sisi huku bado tunaanika nguo. Sikuogopa. Gari lilikuwa na matairi mazuri, tangi limejaa, beleshi lipo, mshumaa upo. Dereva wangu alikuwa amesoma.

Lori lilikuwa nyuma yetu, sijui tangu lini. Kioo cha ndani kinaangalia dari, vya pembeni vimeshikwa na ukungu wa barafu. Mume wangu akasogea kidogo katikati ya barabara kukwepa rundo la theluji, na papo hapo lori likapiga honi, likatupita, likatumwagia wingu zima la theluji. Hatukuona kitu. Na yule mwalimu wangu, yule wa "achia mafuta polepole", alikanyaga breki kwa mguu wote.

Gari halikugonga. Lilizunguka polepole, likashuka mtaroni kama bibi anayeketi kwenye mkeka. Hakuna aliyeumia. Ila kamba ya pazia ilikatika, shuka la maua likaanguka, na mama na mume wangu wakajikuta wanatazamana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu.

Aliruka nje kabla sijafungua mkanda. "Nasukuma," akasema.

Kwetu gari likikwama wanaume wanatoka, wanasukuma, mtu analeta ng'ombe wawili, kwisha. Lakini huko ni mtu mmoja na gari tani mbili, mtaroni. Alisukuma. Gari likamtazama tu. Nikapiga simu ya msaada, wakasema magari yaliyoingia mitaroni siku hiyo ni mengi, tukae ndani tusubiri, watakuja. Nikashusha kioo kidogo.

"Baba Hawi, wamesema tukae ndani. Ingia."

Akamtazama mama bila kumtazama, mnajua namna ile. Mama akajibu kwa niaba ya wote. "Gari likitembea ni barabara. Tulikuwa barabarani, sikusema neno. Likisimama, mkafunga milango, mkajifunika blanketi pamoja, hiyo ni nyumba. Mimi siwezi kuingia nyumba moja na mkwe wangu na mtoto huyu akiwa mapajani mwangu."

"Mama, ataganda!"

"Ndiyo maana namwombea."

Na mume wangu, aliyesoma, aliyehubiri mwaka mzima, akafunga mlango kutoka nje. Polepole, asije akaubamiza mbele ya mama mkwe.

Mwanzoni alikuwa na visingizio. "Lazima mtu aangalie bomba la moshi."

"Bomba linaangaliwa dakika moja! Ni wewe uliniambia!"

"Upepo unairudisha theluji."

Akawa anazunguka gari, anarukaruka, anapiga makofi. Nilimpa koti langu jekundu lisilo na zipu kupitia dirishani. Miguuni alikuwa na viatu vya kazini, vile vyenye chuma mbele. Chuma, nyinyi. Kwenye baridi ile chuma ni sawa na kuweka mguu ndani ya friji ya samaki. Hawi alikuwa anamchungulia na kumpungia, hatimaye ameanza kumpenda. Yeye anampungia.

Halafu akaacha kurukaruka. Nikashusha kioo. "Unaonaje?"

"Nafuu. Sasa sisikii baridi tena."

Hata jirani yetu wa Kericho anajua hiyo si nafuu. Nikageuka kumwambia mama, na kabla sijafungua mdomo ndipo akanigusa bega kuhusu kioo.

Mtaroni mpaka jikoni kwa Marlene

Gari lililosimama lilikuwa pikapu, na aliyeshuka alikuwa mama wa kizungu mnene mwenye kofia ya masikio. Jina lake Marlene, ana shamba karibu na hapo. Jiwekeni mahali pake. Anaona mwanamke anapiga mayowe kwa lugha asiyoijua, amemkamata mwanaume kola. Mwanaume anajitoa. Ndani mtoto analia, na mama mzee amejificha uso kwa leso. Marlene hakuniuliza kitu. Alinivuta pembeni, akanipa glavu zake, akawapigia polisi.

Polisi alifika haraka kuliko gari la msaada. Kijana mpole, mashavu mekundu. Akamwinamia mama dirishani, mimi natafsiri.

"Muulize, huyu mwanaume ni nani wake?"

"Mkwe," mama akasema.

"Amemuumiza?"

"Hapana! Kijana mzuri sana."

"Basi amtazame aniambie ni yeye."

Mama akageuza uso kabisa, akaangalia upande wa pili, leso mdomoni. Polisi akanitazama. Akamtazama mume wangu, naye ameinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Kwa polisi kesi ilikuwa imekwisha.

"Kwa nini alikuwa nje?" akaniuliza.

"Haruhusiwi kukaa naye karibu."

"Kuna amri? Amri ya mahakama kwamba asimkaribie?"

"Si ya mahakama. Ni ya wazee."

"Ilitolewa lini?"

"Zamani. Kabla hatujazaliwa."

Aliacha kuandika. Akamchukua mume wangu mkono taratibu, akamweka kiti cha nyuma cha gari la polisi, kile chenye wavu wa chuma katikati, akawasha hita mpaka mwisho, akafunga. Na mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Nairobi, akashusha leso, akavuta pumzi. "Sasa ameketi vizuri," akasema. "Hawa watu wanajua heshima."

Mume wangu naye, kule nyuma ya wavu, alikuwa ametulia kabisa. Watu wawili wameridhika. Mwenye wazimu ni mimi.

Ilinichukua muda kumweleza polisi. Aliposhika maana alicheka kidogo, kisha akamwambia mume wangu avue kiatu, na hapo akaacha kucheka. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa cheupe kama mshumaa. Alimkimbiza hospitali na taa zikiwaka. Sisi tukabaki kwa Marlene, kwa sababu ya mtoto.

Marlene alitupa supu ya maharage. Mama akauliza. Ilikuwa na vipande vya nguruwe. Mama akatoa omena wake, akaomba sufuria, na jikoni la Marlene likanuka Kisegi. Marlene alikula, tena akaongeza. Halafu akasema, "Mama yangu na mume wangu hawakusemeshana mpaka mama akafa. Lakini wao walichukiana."

Nikamtafsiria mama. Akaweka kijiko chini. "Mwambie sisi hatuchukiani. Mwambie sina mkwe mwingine kama yule. Wengine wangeingia ndani."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Na wangekuwa na vidole vyao."

Mama akainuka. Aliosha vyombo vya Marlene vyote, hata visivyo vichafu.

Hospitali

Mguu ukipata moto tena ndipo unauma. Nilimsikia mume wangu akilia kwa mara ya kwanza. Madaktari walisubiri waone kitakachopona na kisichopona. Vidole vinne vilipona. Cha mwisho kilikuwa cheusi, wakakiondoa. Mnacheka, ati kidole kidogo tu. Jaribuni kusimama kutwa bila hicho. Kiwandani walimtoa kwenye mstari wa visu, wakamweka kubandika vibandiko kwenye maboksi, na mpaka leo hatujui kama mahali pake patamngoja. Kwa ile kazi ndiyo tunaishi huko, na kwa ile kazi ndiyo tunaishi hapa.

Mama alipika uji kila siku nyumbani kwa Mwita, akaupeleka hospitali, akaketi kwenye benchi la chini karibu na mlango. Mimi napanda nao.

"Mwulize kama umepoa."

Napanda. "Mama anauliza kama umepoa."

"Mwambie ni mzuri, asante."

Nashuka. "Anasema ni mzuri."

"Mwulize analala?"

Ngazi zile nilizipanda mpaka manesi wakanijua jina. Na katika maswali yote, la mguu hakuuliza. Hata siku moja.

Nikajifunza gari la huko mwenyewe, nikapata leseni. Mnaoniuliza kama inawezekana, inawezekana. Vioo vyote vitazame nyuma, hata kama nyuma ameketi askofu. Viatu visiwe na chuma. Na kabla hujakubali kupanda gari na mtu, mwulize mapema: tukikwama, utakaa ndani? Akisitasita, mwache uwanjani.

Kurudi Migori, kisha Kisegi

Theluji ilipoyeyuka muda wa mama ukaisha, nikamrudisha na Hawi. Mume wangu alibaki kazini. Safari ya kurudi haikuwa na kisa, mama alilala, na mbwa wa Nairobi hawapendi omena.

Hasira yangu ilikuwa imepoa. Nawaapia. Nilikuwa nimepanga kumwacha Kisegi, nimbusu, nirudi Migori nikae nanyi. Lakini tulipofika nikakuta watu wamejaa, na mama akaketi kwenye kiti cha mbele, akaanza kusimulia. Na katika simulizi yake hakukuwa na mtaro, hakukuwa na breki, hakukuwa na mimi. Kulikuwa na mkwe.

"Alisimama nje," mama akasema, "kwenye barafu, mpaka kidole kikatoka. Kwa heshima yangu."

Watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasimama akasema huyo ndiye mwanaume, na hawa vijana wa siku hizi wanaopanda bodaboda moja na mama wakwe zao wasikie na waone haya. Yule wa Kericho akasema alijua tu, ni kisigino. Mtu akapendekeza mume wangu achinjiwe mbuzi akirudi. Na nikaona, hapo hapo, vijana wawili waliooa mwaka jana wanatikisa vichwa kwa heshima, wanajiandaa kuganda.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa naibu wa chifu. Mama akanifuata. Alisema hawezi kushtakiwa akiwa hayupo. Aliketi kando yangu kwenye benchi, amempakata Hawi.

Naibu wa chifu ni mtu wa mipaka ya mashamba na mbuzi waliokula mahindi. "Kesi ya nini, dada? Shamba?"

"Mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Mshtakiwa?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mama akamsalimu, "Habari ya asubuhi, mwanangu." Naibu akaweka kalamu chini. Akasema haya ni mambo ya nyumbani, twende tukaongee. Nikamwambia nyumbani tumeongea mpaka mtu amepewa mbuzi. Nikamwambia aandike au nitaketi hapo mpaka astaafu. Akamtazama mama. Mama akasema, "Mwandikie. Huyu tangu mdogo hanyamazi."

Akaandika, nami nikatamka, na ninayo nakala yenye muhuri. Hii hapa yote:

*Mlalamishi ni Mama Hawi, mkazi wa Migori. Mshtakiwa wa kwanza ni mama yake mzazi, wa hapa Kisegi. Mshtakiwa wa pili ni mume wake, aliyeko Kanada.*

*Malalamishi ni kwamba washtakiwa wote wawili walijua baridi ile inaua. Wa pili alifundishwa darasani. Wa kwanza alimwona kwa macho yake. Kila mmoja akaona ni afadhali mshtakiwa wa pili aharibike kuliko mmoja wao aone haya. Mlalamishi akaachwa katikati na mtoto.*

*Kwamba tangu siku hiyo jambo hili linasifiwa kijijini, na mlalamishi anaogopa litafanywa tena, na wengine, na halitaishia kwenye kidole.*

*Mlalamishi haombi fidia na hataki mtu afungwe. Anaomba ofisi hii imwamuru mshtakiwa wa kwanza ampigie mshtakiwa wa pili simu yeye mwenyewe, bila kumtuma mlalamishi, amuulize mguu unaendeleaje, na asikate mpaka ajibiwe.*